Godoro la Migongo Miwili

Efrazia alikuwa amebakiza kushona mdomo wa gunia. Gunia lilikuwa limejaa majani makavu. Alikuwa amepiga magoti uani, nyumbani kwao Makebuko, nchini Burundi, sindano ndefu mkononi. Kila kiangazi alifanya kazi hii. Alimwaga majani ya zamani, akajaza mapya, akashona. Hilo ndilo lilikuwa godoro lao, yeye na mume wake Fabiano.

Alivuta uzi. Kisha akataka kusimama ili achukue kisu.

Hakuweza kusimama.

"Baba Vumilia!" aliita. "Njoo kidogo."

Fabiano alitoka ndani na kikombe cha uji. "Kuna nini?"

"Mgongo umenishika."

"Tena?"

"Tena. Usinivute! Nipe bega tu."

Fabiano aliweka kikombe chini, akachuchumaa. Efrazia akashika bega lake, akainuka polepole, kipande kwa kipande.

"Sasa umesimama kama mundu," Fabiano alisema.

"Cheka tu. Na gunia utalishona wewe."

Fabiano alishona. Mishono yake ilienda upande, ikarudi upande wa pili. Efrazia aliiangalia akiwa ameegemea ukuta, akasahau maumivu kwa muda, akacheka.

Wakati huo jirani yao Paskazia alikuwa anapita njiani. Paskazia alikuwa kiongozi wa wanawake wa ikibiri. Ikibiri ni desturi ya kulima kwa zamu. Leo wote wanalima kwa huyu, kesho kutwa wanalima kwa yule, mpaka mashamba yote yaishe.

"Mama Vumilia," Paskazia alisema, "mvua ya kwanza ikinyesha tunaanza. Tutaanza kwangu. Zamu yako ni ya tatu. Upo?"

"Nipo," Efrazia alijibu.

Paskazia akamtazama. "Mbona umeushika ukuta? Ukuta unaanguka?"

"Nautegemeza," Efrazia alisema.

Walicheka wote. Lakini Paskazia alipoondoka, Efrazia aliacha kucheka. Alijua sheria ya ikibiri. Asiyelima kwa wenzake, halimiwi. Anaweza kuleta mtu mwingine mahali pake, lakini yeye hakuwa na mtu wa kumleta. Binti yao Vumilia alikuwa ameolewa mbali, Muyinga. Fabiano alikuwa anafyatua matofali bondeni tangu asubuhi hadi jioni. Na shamba lao lilikuwa kubwa kwa jembe moja. Akikosa nafasi katika mstari wa wanawake, maharagwe ya mwaka huo hayatapandwa kwa wakati.

Kesho yake alikwenda kituo cha afya. Muuguzi pale aliitwa Imelda. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye maswali mengi.

"Mgongo ulianza lini?"

"Tangu mavuno. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Nikitembea tembea unalegea."

"Ulianguka? Ulipigwa na kitu?"

"Hapana."

"Una homa? Unakonda bila sababu?"

"Hapana, muuguzi. Nakula vizuri."

"Miguu inakufa ganzi? Inakosa nguvu? Mkojo unatoka bila wewe kujua?"

"Ah, hapana! Bado sijafika huko."

Imelda alitabasamu. "Nauliza kwa sababu hizo ni dalili za hatari. Ukiona hata moja, usisubiri. Njoo siku hiyo hiyo. Lakini mgongo wako unaonekana kuwa mgongo uliochoka. Wengi wana mgongo kama huu, na wengi wanapona."

"Basi nilale nyumbani mpaka upone?"

"Hapana. Ukilala siku nzima mgongo unakuwa mgumu zaidi. Tembea. Fanya kazi ndogo ndogo. Ukilima, pumzika kabla mgongo haujalia, usingoje ulie. Ukinyanyua ndoo, kunja magoti, usikunje mgongo. Na asubuhi unaamkaje?"

"Nakaa, nasimama."

"Unakurupuka hivyo hivyo? Kwanza geuka ubavu. Shusha miguu. Kisha jisukume kwa mikono. Sasa niambie, mnalalia nini?"

Efrazia alimweleza habari ya gunia la majani. Alieleza pia kwamba katikati ya gunia kuna shimo, na kwamba yeye na mume wake hukutana humo shimoni kila usiku, wapende wasipende.

Imelda alicheka mpaka akafuta macho. "Kama mnaweza, nunueni godoro la sponji. Godoro siyo dawa. Lakini linasaidia mgongo kupumzika. Msichukue gumu kama ubao. Msichukue laini kama uji. Chukueni la katikati. Na wewe mwenyewe ulale juu yake dukani kabla ya kununua, tena ulale kwa muda wa kutosha. Usikubali kuambiwa tu."

Efrazia alirudi nyumbani akamweleza Fabiano yote. Fabiano alifurahi. Alikuwa na mbuzi wawili wa kuuza, na kwa muda mrefu alitaka kumfanyia mke wake jambo zuri. Ila maneno ya muuguzi hayakumwingia yote.

"Katikati, katikati," alisema. "Mgongo unataka kitu kigumu. Kule Tanzania, tulikokimbilia, baba yangu alilala kwenye mkeka chini miaka yote. Ulimsikia siku moja akilia mgongo?"

"Baba yako alikuwa halii hata akikanyaga msumari," Efrazia alisema.

Jumamosi walikwenda mjini Gitega. Sokoni magodoro yalikuwa yamepangwa mbele ya duka, moja juu ya lingine, yote ndani ya nailoni inayong'aa. Muuzaji alivuta moja akaliweka juu ya meza mbili.

"Lala, mama. Jaribu," alisema.

Efrazia alitazama kushoto, akatazama kulia. Soko lilikuwa limejaa. Wauza nyanya walikuwa wanamwangalia. Wabeba mizigo watatu walikuwa wamesimama wakisubiri kazi. Na kule kwenye viatu alikuwepo Mzee Urbano, mzee wa kanisa lao, akipima kiatu.

"Mimi nilale hapa?" Efrazia alimnong'oneza mume wake. "Mbele ya wanaume? Mbele ya mzee wa kanisa? Ni kizira."

Kizira ni jambo lisilofaa kufanywa, hata kama hakuna sheria iliyoandikwa. Mama mwenye heshima hajilazi sokoni. Efrazia alilelewa hivyo, na mama yake alilelewa hivyo. Basi alinyoosha mkono tu, akalibonyeza godoro kwa kiganja mara mbili.

"Ni zuri," alisema haraka. "Twende."

"Ngoja," Fabiano alisema. "Muuguzi alisema tulale. Nitalala mimi kwa niaba yako."

Alivua viatu, akapanda, akajinyoosha. Alifumba macho. Aligeuka chali, akageuka kifudifudi. Wauza nyanya walipiga makofi.

"Blanketi! Mleteeni blanketi!" mmoja alipaza sauti.

Mzee Urbano alifika karibu, kiatu kimoja kipya mguuni. "Fabiano, ndugu yangu, unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Nanunua godoro."

"Sasa mbona umelala kama marehemu?"

Soko lote lilicheka. Efrazia alijifunika uso kwa kitenge. Lakini Fabiano alishuka akiwa na furaha. Alikuwa amelala kwenye godoro gumu kuliko yote, na lilimfaa. Yeye ni mtu mnene, mwenye mifupa mizito, na hulala chali kama gogo.

"Ndilo hili," alisema. "Hata tembo halizamishi."

Wakalinunua.

Nyumbani walilitandika juu ya kitanda. Hawakulivua nailoni, maana walitaka libaki jipya. Fabiano akigeuka, nailoni ilipiga kelele kama mtu anayekula karanga. Usiku walitoka jasho. Lakini Fabiano alilala fofofo na kila asubuhi aliamka akisifu godoro.

"Unaonaje mgongo, Mama Vumilia?"

"Unaendelea vizuri," Efrazia alijibu.

Haikuwa kweli. Efrazia hulala ubavu. Kwenye godoro lile bega lilimuuma, nyonga ilimuuma, na mgongo haukupona. Alifuata maneno mengine ya muuguzi. Alitembea, alikunja magoti akinyanyua ndoo, na alijisukuma kwa mikono akiamka. Mchana alikuwa na nafuu. Asubuhi alikuwa vilevile. Lakini angesemaje? Mume wake alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili yake. Alikuwa amelala sokoni mbele ya watu kwa ajili yake.

Asubuhi moja Fabiano aliamka mapema kwenda kwenye matofali. Aliponyoosha mkono, upande wa pili wa kitanda haukuwa na mtu. Aliangalia chini. Efrazia alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa juu ya gunia la zamani.

Fabiano alikaa pembeni ya kitanda. Nailoni ikalia. Efrazia akafumbua macho.

"Kwa nini uko chini?" Fabiano aliuliza kwa sauti ndogo.

Efrazia alijisukuma kwa mikono, akakaa.

"Tangu lini?"

"Siyo kila siku," alisema. "Unapoanza kukoroma, nashuka."

"Nilifikiri godoro linakusaidia."

"Linakusaidia wewe, Baba Vumilia. Wewe ndiye uliyelilalia sokoni."

Fabiano alijikuna kichwa. Hakukasirika. Alilitazama godoro, akalibonyeza kwa kidole, kisha akalibonyeza bega la mke wake taratibu, kama anayelinganisha vitu viwili.

"Basi nimenunua kwa mgongo wangu," alisema mwishoni.

"Na mimi nilikataa kulala. Kosa tumeligawana."

"Lakini kulala sokoni kweli usingeweza?"

"Nisingeweza. Hata leo siwezi."

Nje mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima. Mvua ya kwanza haikuwa mbali.

Efrazia alimpigia simu binti yake Muyinga. Vumilia alisikiliza yote, akacheka sehemu ya Mzee Urbano, kisha akasema, "Mama, njooni na hilo godoro. Hapa mjini kuna mtu na mke wake wanakata sponji, wanatengeneza magodoro na viti. Hawauzi tu, wanatengeneza upya. Nimewaona wakirekebisha godoro la jirani yangu."

"Nitalala wapi nijaribu?"

"Njooni kwanza, mama."

Siku iliyofuata Fabiano alilikunja godoro, akalifunga kwa kamba, akalibeba kichwani. Efrazia alitembea nyuma na kikapu. Hawakufika mbali. Kila aliyewaona alisimama.

"Jamani, mnakwenda wapi na godoro?" aliuliza mama mmoja kutoka uani kwake. "Kuna habari gani ambayo sisi hatujasikia?"

"Mnarudi Tanzania?" aliuliza mwingine.

Hapo kilimani karibu kila nyumba ilikuwa na watu waliowahi kukimbia vita na godoro kichwani. Mtu akibeba godoro asubuhi, watu hawawazi usingizi. Wanawaza safari.

"Tunakwenda Muyinga tu!" Fabiano alijibu. "Godoro linakwenda kwa daktari!"

Paskazia aliwafuata mpaka kwenye kona. "Mama Vumilia, utarudi kabla ya mvua?"

"Nitarudi."

"Nikuandike kwenye mstari, au nimpe mwingine nafasi?"

"Nimesema nitarudi, Paskazia!"

Dereva wa basi naye aliuliza kama wanahama. Kufika Muyinga, Fabiano alikuwa amechoka kujibu swali hilo kuliko alivyochoka na safari.

Kituoni walipokelewa na Crispin, mume wa Vumilia. Vumilia alikuwa ana mtoto mchanga, hivyo alibaki nyumbani. Crispin alikuwa kijana mwenye adabu nyingi. Alimsalimia Efrazia kwa mikono miwili, macho chini.

"Mabukwe, karibu," alisema. Mabukwe ni mama mkwe. "Nipeni godoro nibebe. Nitakaa na ninyi mpaka kazi iishe. Siwaachi."

Efrazia alishukuru. Lakini moyoni alisema, "Nimekwisha." Kulala mbele ya wauza nyanya ni jambo moja. Kulala mbele ya mkwe wako ni jambo jingine kabisa. Hata kula mbele ya Crispin alikuwa anaona haya.

Karakana ilikuwa karibu na soko. Mwenye karakana aliitwa Ilyasi. Alikuwa anakata sponji kwa kisu kirefu chembamba. Mke wake, Kulthumu, alikuwa anashona vifuniko kwa cherehani. Wote wawili walizaliwa Muyinga, na Kiswahili chao kilikuwa cha mjini Muyinga, chenye maneno ya Kifaransa hapa na pale.

"Karibuni, karibuni!" Kulthumu alisema. "Aa, munahama?"

"Hatuhami!" Fabiano alisema.

"Pole, baba. Bon, tuone hiyo godoro." Ilyasi alilifungua, akaona nailoni. "Eh! Munalalaka juu ya plastiki?"

"Ili lisichafuke," Fabiano alisema.

"Plastiki inatunza jasho. Godoro inaoza ndani, na mutu anapikwa kama ndizi. Toa plastiki, weka kifuniko ya kitambaa, ufue kila mara. Voilà." Alipiga godoro kwa ngumi, akaangalia linavyorudi. "Godoro iko muzuri. Sponji nzito, itadumu. Haikuharibika. Nani anaumwa?"

"Ni mimi," Efrazia alisema.

Ilyasi alimtazama Efrazia, mwembamba kama fimbo. Akamtazama Fabiano. "Na nani alichagua?"

Fabiano alinyoosha kidole juu, kama mtoto darasani.

"Mama, lala hapa tuone," Kulthumu alisema, akionyesha kitanda cha kujaribia.

Efrazia hakusogea. Crispin alikuwa amesimama karibu na kitanda, mikono nyuma, tayari kusaidia.

"Nitalibonyeza tu kwa mkono," Efrazia alisema.

"Hapana, mama. Usipime na mkono. Mkono haulali hapa. Mgongo ndiyo inalalaka."

Efrazia alitazama chini. Kulthumu akamtazama yeye, kisha akamtazama Crispin, akaelewa.

"We kijana," alimwambia Crispin, "uko mkwe?"

"Ndiyo, mama."

"Mkwe muzuri anakaa mlangoni. Simama pale, angalia barabara. Mutu akitaka kuingia, mwambie tuko na kazi."

Crispin alikwenda mlangoni akageuka nje. Kulthumu akavuta pazia zito la kijani lililokuwa limekunjwa ukutani. Kitanda chote kikafichika.

"Kila mama anaogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Donc nilimwambia Ilyasi, tuweke pazia. Kabla ya pazia wanawake walikuwa wanabonyeza na mkono, wanalipa, wanarudi wiki kesho wanalia. Lala sasa, namna unalalaka nyumbani. Hakuna haraka."

Efrazia alivua viatu. Alilala ubavu. Nje ya pazia Crispin alikuwa anamweleza mpita njia, kwa sauti kubwa, kwamba barabara leo ina magari mengi.

Kulthumu alichukua rula ndefu ya mbao ya kupimia sponji, akaiweka taratibu kando ya mgongo wa Efrazia.

"Angalia, baba," alimwambia Fabiano. "Bega haiingii. Nyonga haiingii. Kiuno inaning'inia hewani. Pitisha mkono wako hapa."

Fabiano alipitisha kiganja chini ya kiuno cha mke wake. Kilipita bila kugusa kitu, kama chini ya daraja.

"Kumbe," alisema. "Usiku kucha mgongo wake unafanya kazi."

"Ndiyo. Mkono ikipita hivi, godoro iko nguvu sana kwa huyo mutu. Na kama nyonga inazama, mgongo inakunjika kama kitanda ya kamba, godoro iko laini sana. Tunatafuta mahali mgongo inakaa sawa."

Ilyasi alipitisha vipande vya sponji chini ya pazia. Kipande cha kwanza kilikuwa laini. Efrazia alizama, akataka kugeuka, akashindwa.

"Nimeanguka kisimani," alisema.

Kipande cha pili kilikuwa cha katikati. Efrazia alilala. Kulthumu aliweka rula. Safari hii rula ilikaa sawa, toka shingoni hadi chini. Kulthumu alikunja kanga akaiweka katikati ya magoti ya Efrazia.

"Mutu wa ubavu anaweka mto hapa," alisema. "Mutu wa chali anaweka mto chini ya magoti. Usiamke bado. Kaa. Mgongo inahitaji muda ya kusema ukweli."

Efrazia alikaa. Chai iliyokuwa jikoni kwa Kulthumu ilichemka, ikamiminwa, ikapoa.

"Mama Vumilia?" Fabiano aliita. "Unaonaje?"

Efrazia alifumba macho.

"Mama Vumilia!"

"Niache," Efrazia alisema. "Ndiyo kwanza nimefika."

Hapo Fabiano akapata shida nyingine. Efrazia alipompisha, alilala yeye kwenye kipande hicho, akazama. Mwili wake ulikuwa mzito mno. Kiuno chake kilikwenda chini, tumbo likabaki juu. Alishuka akishika mgongo, akatoka nje ya pazia kwa Ilyasi.

"Sasa itakuwaje? Yeye hili, mimi lile. Tununue vitanda viwili?"

"Vitanda viwili!" Efrazia alisema kutoka nyuma ya pazia. "Makebuko watasema tumeachana. Mzee Urbano atakuja kutuombea."

Ilyasi alicheka. "Watu wawili, migongo miwili, kitanda moja. Si shida. Nakata godoro yenu katikati, kwa urefu. Nusu moja inabaki ya baba. Nusu ingine nachukua mimi, ni sponji muzuri ya viti, itapunguza bei. Mahali pake naweka nusu ya katikati kwa mama. Juu yao wote naweka sponji nyembamba moja, musianguke kwa mfereji. Kulthumu anashona kifuniko moja. Mutu akiingia chumbani anaona godoro moja."

Fabiano aliangalia kile kisu kirefu. Aliangalia godoro lake, ambalo hata tembo halizamishi. "Ulikate?" aliuliza. "Zima hivi?"

"Mbuzi uliowauza, ulitaka nani alale?" Efrazia aliuliza.

Fabiano alifumba macho. "Kata, kaka. Kata kabla sijabadili mawazo."

Kisu kilipita kwenye sponji bila kelele. Crispin, bado ameangalia barabara, aliuliza kama tayari anaweza kugeuka. Wote walikuwa wamemsahau.

Jioni ile Kulthumu alishona mshono wa mwisho. Alimwambia Efrazia, "Kila mwezi muzungushe, upande wa kichwa uende miguuni. Lakini na ninyi mubadilishane upande, la sivyo baba atalala kwako." Kisha akaongeza, "Na uangalie mbao ya kitanda chini. Zikiwa mbali mbali, hata godoro ya mfalme inaingia shimo."

Waliporudi Makebuko, Fabiano aliinua godoro akaangalia chaga za kitanda. Zilikuwa nne tu, zimeachana kiasi cha mtoto kupita. Aliongeza nyingine mpaka nafasi kati ya chaga na chaga ikawa ya kiganja kimoja. Kisha wakalala. Hapakuwa na kelele ya karanga. Fabiano alikoroma upande wake. Efrazia, mto katikati ya magoti, hakushuka kitandani.

Mgongo haukupona siku moja. Wiki ya kwanza uliuma kidogo. Wiki ya pili Efrazia aliamka, akageuka ubavu, akashusha miguu, akajisukuma kwa mikono, na alikuwa ameshafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba ana mgongo. Alikwenda kumwambia Imelda. Imelda alimsikiliza, akamuuliza tena maswali yale ya hatari, akafurahi.

"Sasa linda ulichopata," alimwambia. "Anza kulima kidogo kidogo. Tumia mpini mrefu. Pumzika kabla haujauma."

Mvua ilinyesha. Ikibiri ilianza shambani kwa Paskazia. Efrazia alikuja na jembe lenye mpini mrefu. Alilima, akasimama, akajinyoosha, akalima tena. Wanawake walimtania.

"Bibi harusi amechoka!"

"Mleteeni kiti!"

"Godoro limemharibu huyu. Sasa anataka kulala mpaka shambani!"

"Chekeni, chekeni," Efrazia aliwajibu. "Kesho asubuhi tutaona nani ameushika ukuta."

Zamu ya pili ilipofika, wanawake wawili walikuwa wamebadili mpini. Mmoja alimvuta Efrazia pembeni akamuuliza kwa sauti ndogo habari za muuguzi, na yule mama mwenye pazia.

Kisha ikafika zamu ya tatu. Wote walikuja shambani kwa Efrazia, hakuna hata mmoja aliyechelewa. Paskazia alishika ncha ya mstari, Efrazia akashika katikati. Walilima wakiimba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Jua lilipopanda juu walikuwa wamepita nusu ya shamba, na sehemu ya juu bado ilikuwa na majani.

Desturi ya kundi lao ilikuwa kumaliza shamba lote siku hiyo hiyo. Mwenye shamba huwahimiza wenzake mpaka mwisho, hata kama wanakokota miguu. Paskazia alifuta jasho. Alitazama sehemu iliyobaki, akashika kiuno.

"Haya, wanawake," alisema, "tujikaze. Ni shamba la Mama Vumilia, hatuwezi kumwaibisha."

Efrazia aliuona mkono wa Paskazia kiunoni. Alisimamisha jembe.

"Inatosha leo," alisema.

Wanawake waligeuka wote.

"Inatosha nini?" Paskazia aliuliza. "Shamba lako mwenyewe unaliacha na majani? Umeumwa?"

"Siumwi. Wewe ndiye umeshika kiuno."

"Mimi? Nilikuwa naweka kitenge sawa."

"Na mimi nilikuwa nautegemeza ukuta," Efrazia alisema.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Paskazia alicheka mwisho kuliko wote, kisha akajinyoosha polepole, akitoa sauti kama mlango wa zamani.

"Na hii iliyobaki?" aliuliza.

Efrazia aliyatazama majani ya juu. Zamani angeyalima peke yake hadi giza.

"Ni ya kesho," alisema. "Twendeni tukale. Maharagwe yameiva."